Kutoka Ruiri hadi Mbwaa: Mwanafunzi wa Kiswahili na Safari ya Visiwani

Waswahili husema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii imegeuzwa kuwa ngao ya kila safari ya masomo inayoandaliwa na sisi wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya bara. Basi hukodiwa, nyimbo huimbwa usiku kucha, pwani hufikiwa alfajiri, picha hupigwa mbele ya ngome, leso mbili tatu hununuliwa za kuwapelekea akina mama, kisha safari ya kurudi huanza. Katika ripoti inayoandikwa baadaye husomwa kwamba wanafunzi "walijionea utamaduni wa Mswahili". Nimesoma ripoti kadhaa za namna hiyo, na sijaona hata moja iliyotaja neno moja geni lililosikika, shairi moja lililoghaniwa, au swali moja ambalo mwenyeji aliwauliza wageni wake. Mwenda bure aliokota leso.

Nia yangu katika makala haya si kuzikejeli safari hizo, maana baadhi yake nimezipanda mwenyewe. Nadai mambo mawili. Kwanza, mwanafunzi wa Kiswahili wa bara anayehitimu bila kulala hata usiku mmoja katika visiwa vya Amu, yaani Amu yenyewe, Manda na Pate, amesoma fasihi yetu kongwe kwa kusimuliwa tu. Pili, na hili ndilo linalonikera zaidi, namna tunavyokwenda huko huwagusa wenyeji kuliko tunavyodhani, kwa kuwa wengi wetu tutarejea huko tukiwa walimu.

Msomaji atauliza: kijana wa Ruiri ana nini na visiwa? Swali ni la haki. Ruiri iko katika ule upande wa Meru unaoteremka kuelekea Isiolo, ambako mvua ni ya kusubiriwa na maji ya mfereji ni ya kupigania. Bahari kwetu ni habari tu. Hata hivyo, ukimwuliza mzee wa Kimeru aliyefunzwa vyema na wazee wake kwamba Wameru walitoka wapi, hatakutajia mlima wala msitu. Atakutajia kisiwa.

Kisiwa hicho huitwa Mbwaa. Kwa mujibu wa masimulizi, ambayo hutofautiana baina ya ukoo na ukoo, babu zetu waliishi huko wakizungukwa na maji, hadi walipojiwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani watu wa nguo nyekundu, wakatiwa utumwani. Mabwana hao waliwatwika mitihani ya kuwakomoa. Waliagizwa walete kiatu chenye manyoya juu na chini. Mzee mmoja mwerevu akashauri kikatwe kutoka ile ngozi inayoning'inia shingoni mwa fahali, ambayo ina manyoya pande zote mbili. Waliagizwa walitoe tunda lililotumbukizwa ndani ya shimo refu jembamba, bila kulichokoa. Yule mzee akasema shimo na lijazwe maji, na tunda likaelea lenyewe hadi mdomoni mwa shimo. Mwisho wakaagizwa wafue mkuki mrefu wa kufika mbinguni. Hapo werevu ulifika kikomo, wakaazimia kuhama. Walipofika ukingoni mwa maji, kiongozi wao, ambaye wasimulizi wengi humwita Koomenjoe, aliyapiga maji kwa fimbo, yakagawanyika, watu wakapita. Waliovuka gizani wakawa koo nyeusi, waliovuka kukipambazuka wakawa koo nyekundu, na waliovuka jua likiwa limekwisha kuchomoza wakawa koo nyeupe. Mgawanyo huo wa Njiru, Ntune na Njeru wazee wanaujua hadi leo.

Wapo wanaosema kwamba Musa ameingia humu kwa mlango wa nyuma, akiletwa na wamisheni. Yamkini. Lakini kiatu cha manyoya na tunda la shimoni havimo katika kitabu cha Kutoka.

Masimulizi haya hayakubaki vinywani mwa wazee pekee. Padri Bernardo Bernardi aliyagusia katika kitabu chake kuhusu Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru, kilichotolewa mwaka 1959. Baadaye Jeffrey Fadiman, mwanahistoria wa Marekani aliyewahoji wazee wa Meru yapata mwaka 1970, alikwenda mbali zaidi. Katika makala ya mwaka 1973, na tena katika kitabu cha mwaka 1993, alitoa hoja kwamba Mbwaa si kisiwa cha kubuni, bali ni Manda, kile kisiwa kinachotazamana na mji wa Amu.

Aliyefika Manda ataelewa mara moja mvuto wa hoja hiyo. Kisiwa kimetengwa na bara kwa mkono mwembamba wa bahari uitwao Mkanda, uliobanwa na mikoko kushoto na kulia. Maji yakijaa, mashua za kwenda Pate hupita hapo. Yakipwa, nahodha asiyepiga hesabu yake vyema hukwama, akatulia, akangoja. Bahari inayofunga na kufungua njia kwa zamu ni jambo la kila siku huko, na siku za bamvua maji hupwa sana na kujaa sana kupita siku nyingine zote. Mtu anayeijua kalenda ya maji hahitaji muujiza ili avuke. Ila mjukuu wake aliyezaliwa mlimani, ambaye hajapata kuona maji yakiondoka na kurudi, atahitaji fimbo ili kisa kimwingie akilini. Hivyo ndivyo ninavyolisoma tukio lile, na sidai kwamba kusoma kwangu ndiko kwa mwisho.

Je, basi, Wameru ni Waswahili waliopotea? Dai hili nimelisikia likitolewa kwa fahari kubwa katika mijadala ya mabwenini, hasa na wanafunzi wa kwetu wanaotaka kuthibitisha kwamba nao wana hisa katika lugha hii. Mimi silikubali. Isimu historia haituungi mkono. Kimeru kimekaa na Kikuyu, Kiembu na Kikamba. Kiswahili kimekaa na Kipokomo, Kimijikenda na Kingazija katika kundi liitwalo Sabaki, ambalo Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walilifafanua kwa urefu mwaka 1993. Neno "nguo" katika "Nguo Ntune" lisitudanganye: ni neno la Kibantu tulilolirithi sote, kila mmoja kwa njia yake. Aidha, tangu mwaka 1967 Forbes Munro alikwisha kutilia shaka mazoea ya kuwaleta watu wote wa nyanda za mashariki ya Kenya kutoka pwani. Huenda kikundi kidogo kilitoka huko kikaja kumezwa na wenyeji wa mlimani, kikabaki na kisa chake tu. Huenda Manda siyo. Huenda Mbwaa ilikuwa mahali pengine, au mahali pengi palipokusanywa katika jina moja.

Lakini kutokuwa na hakika si sababu ya kutokwenda. Katika bahari ya Mediterania, upande wa Ugiriki, kuna kisiwa kiitwacho Ithaki, ambacho wasomaji wa Homer wamekizuru kizazi baada ya kizazi wakitafuta nyumbani kwa Odysseus. Heinrich Schliemann alichimba huko mwaka 1868, akafukua vyungu vya majivu, akajishawishi kwamba huenda majivu hayo ni ya Odysseus na mkewe. Mwaka 2005 Mwingereza mmoja, Robert Bittlestone, alitoa kitabu akisema kisiwa chenyewe siyo hicho bali ni sehemu ya magharibi ya Kefalonia, kisiwa jirani. Ubishi ungali unaendelea, na hakuna msomi wa Kigiriki aliyeambiwa asubiri uishe ndipo afunge mizigo. Sisi, ambao kisiwa chetu hakihitaji pasipoti wala viza, tunakaa madarasani tukinukuu vitabu vya wageni waliokwisha kukiona.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo hapa. Abiria anayekwenda Amu kwa ndege hatui Amu. Hutua Manda, kwa kuwa uwanja wa ndege uko huko, kisha huvushwa kwa mashua. Yaani Mmeru mwenye nauli ya ndege hukanyaga Mbwaa ya Fadiman kwa dakika kumi, akiwa anatafuta begi lake, kisha huvuka maji na kuondoka kama walivyofanya babu zake, bila hata kupewa mtihani.

Heri angebaki siku moja. Upande wa kaskazini wa kisiwa kuna mahali palipokuwa na mji wa Manda wenyewe, ambao Neville Chittick aliuchimba katika miaka ya 1960 na 1970 na kukuta mabaki ya biashara ya mbali tangu karne ya tisa. Kusini kuna Takwa. Hapo pana msikiti mkubwa, mabaki ya ukuta, mibuyu, na kaburi la mnara lililoandikwa mwaka 1094 wa Hijria, takriban 1683 Miladia. Watu waliuhama mji huo katika karne ya kumi na saba, na wenyeji wa Shela, ng'ambo ya pili ya maji, hujihesabu kuwa wazao wao. Wangali wanakwenda hapo kuzuru na kuomba mvua. Nalisisitiza hili kwa sababu mwanafunzi wa bara hufika penye magofu na kuona mawe, akadhani amefika penye watu waliokwisha. Kumbe ni sawa na mtu aingiaye uani kwa watu adhuhuri, akakuta wamelala, akaandika kwamba nyumba ni hame.

Ni kosa hilohilo tunalolifanya katika fasihi. Tunafundishwa ushairi wa visiwa hivi kana kwamba ni mwili uliolazwa mezani. Tunajua kwamba Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728. Tunajua kwamba Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliitazama Pate iliyoporomoka akatunga Al-Inkishafi, na kwamba Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye utendi wa wosia mwaka 1858. Tunazihesabu mizani, tunaainisha vina, tunaeleza "maudhui". Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kuzisikia tenzi hizo zikitoka kinywani mwa mtu ambaye lugha yake ya jikoni ndiyo hiyo? Utendi haukukusudiwa macho ya mtahiniwa. Ulikusudiwa sikio, na sauti ya kuuimba ni sehemu ya maana yake. Mwanamke wa Siyu akiughani wosia wa Mwana Kupona, mistari tuliyoipigia mstari kuwa ni "migumu" huwa haina ugumu wowote. Ni mazungumzo ya mama na mwana.

Wala kisima hakijakauka. Sheikh Ahmed Nabhany, aliyezaliwa Amu mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, ndiye tunayemshukuru kwa istilahi kama "runinga", na wengi wanaolitumia neno hilo kila jioni hawajui kwamba limetoka kwa mshairi wa kisiwani aliyeijua pia kila sehemu ya jahazi kwa jina lake. Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, maarufu kama Mahmoud Mau, aliyezaliwa mwaka 1952, amewatungia watu wa Amu mashairi ya maisha yao ya kila siku. Wasiya wa Mabanati ulisikilizwa majumbani kwa kanda za kaseti kabla haujafikiwa na wahakiki. Mwaka 2023 mashairi yake yalitolewa kitabuni huko Uholanzi, pamoja na tafsiri. Nafurahi kwamba yalitolewa. Ila naona haya kidogo kwamba msomi wa Leiden anaweza kuyaagiza kutoka rafu ya karibu, ilhali katika semina zetu bado tunauliza kama ushairi wa Kiamu "ulikufa lini".

Nifike sasa kwenye lahaja, maana hapa ndipo pana utamu, na ndipo penye maumivu pia. Mwanafunzi wa Kimeru anayefika Amu atashtuka kwa jambo ambalo hakuna mhadhara uliomwandaa kwalo: baadhi ya maneno ya Kiamu yatamkaa kinywani upesi kuliko yale ya Kiunguja aliyoyasoma tangu darasa la kwanza. Kiswahili sanifu husema "nchi". Mwamu husema "nti". Kwetu tunasema "nthi" tukimaanisha ardhi, chini. Sanifu ni "macho", Amu ni "mato", kwetu ni "metho". Pale ambapo Kiunguja kina sauti ya "ch", Kiamu mara nyingi kina "t", na Kimeru kina "th", hali sote tumetoka kwenye shina moja. Vivyo hivyo Mwamu husema "kuya" badala ya kuja, "moya" badala ya moja, na mji kwake ni "mui". Ukiyasoma haya katika jedwali la fonolojia unayakariri kwa ajili ya mtihani. Ukiyasikia gatini, yanakueleza wewe mwenyewe. Hii haithibitishi Mbwaa, na ole wake atakayeniandikia kwamba nimethibitisha. Inathibitisha tu kwamba lahaja na lugha za bara zinatazamana uso kwa uso, huku sanifu ikiwa imesimama kati kama mkalimani ambaye si lazima awepo kila mara.

Maumivu ni haya. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya kukisimamia ikaundwa mwaka 1930. Sipingi uamuzi huo. Bila lugha sanifu nisingekuwa ninaandika makala haya, wala mtoto wa Ruiri asingeelewana na mtoto wa Kigoma. Ninachopinga ni tafsiri yake shuleni. Katika shule moja ya visiwani, ambayo sitaitaja, nilionyeshwa daftari la insha la msichana wa darasa la saba. Mwalimu wake, mhitimu wa Kiswahili kutoka bara kama sisi, alikuwa amelikata neno "mato" mara tatu katika ukurasa mmoja na kuandika pembeni: "Hili si neno la Kiswahili." Neno hilohilo likiwa ndani ya utendi wa kale, sisi chuoni hulipa tanbihi ya heshima na kuliita lahaja ya kishairi. Likiwa katika insha ya mtoto aliyezaliwa mitaa michache kutoka alikozikwa mshairi, tunaliita kosa. Nani aliyemfundisha mwalimu yule? Ni idara kama zetu, ambazo zilimpa digrii ya Kiswahili bila kumpeleka kunakosemwa.

Tume ya Kuwaajiri Walimu haimwulizi mtu kama anapenda samaki, humtuma anakohitajika. Yamkini miongoni mwa wasomaji wa jarida hili yupo atakayejikuta Faza, Kizingitini au Mbwajumwali kabla ya miaka mitatu kwisha, akiwa na boksi la vitabu na kalamu nyekundu. Ataweza kufanya kazi yake kwa haki. Atamweleza mwanafunzi kwamba katika mtihani wa taifa huandikwa "macho", na kwamba "mato" ni Kiswahili cha nyumbani kwao, kikongwe, kilichobeba tenzi ambazo nchi nzima inazisoma. Hayo ni maneno ya dakika mbili. Au anaweza kumfanya mtoto huyo aione lugha ya mama yake kuwa uchafu wa kusuguliwa. Sisi Wameru tumerithi kisa kirefu cha watu waliotoa amri zisizowezekana wakiwa wamevaa nguo nyekundu. Kumtaka Mwamu aseme Kiswahili kwa kuacha Kiswahili ni amri ya aina ileile, na wino wenyewe ni mwekundu.

Nisieleweke vibaya kwamba nawapamba watu wa visiwani. Mgeni anayetembezwa mjini huonyeshwa milango ya nakshi, zidaka za chokaa, ngome iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821 na kutumiwa kuwa gereza hadi mwaka 1984. Huelezwa habari za vita vya Shela, Waamu walipowashinda watu wa Pate na Mombasa. Ni mara chache sana huelezwa ni mikono ya nani iliyochoma chokaa hiyo, au nani aliyelima mashamba ya ng'ambo yaliyowalisha matajiri wa mji. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu, na waliokuwa watumwa aghalabu walitoka bara. Mwanafunzi anayekwenda na kisa cha Mbwaa kifuani ana haki, nadhani hata ana wajibu, wa kuuliza kuhusu hilo, kwa adabu na katika wakati unaofaa, si mbele ya kundi la watalii. Nilipouliza mimi, mzee mmoja wa Matondoni alinyamaza kitambo, kisha akaniambia: "Hayo, mwanangu, hayaulizwi wewe ukiwa umesimama. Keti." Tukaketi hadi adhana ya alasiri. Hakuna ripoti ya safari yetu iliyokuwa na nafasi ya mazungumzo yale, kwa sababu wenzangu walikuwa Shela wakiogelea.

Wazazi wengi na baadhi ya wahadhiri watasema kwamba Lamu si salama. Hofu yao ina msingi: kulitokea mauaji ya Mpeketoni mnamo Juni 2014, na shambulio dhidi ya kambi ya kijeshi iliyoko katika ghuba ya Manda mnamo Januari 2020. Safari na iandaliwe kwa kushauriana na mamlaka za huko, ifanywe mchana, na iahirishwe inapobidi. Lakini watu wa Amu wanaishi, wanasoma na kuoza binti zao humo humo, na Maulidi ya msikiti wa Riyadha yanaendelea kuwaleta wageni kutoka kila upande katika Mfungo Sita. Hofu isiwe kisingizio cha kudumu.

Kuna jambo jingine linalofanya safari hii isingoje. Mwaka 2012 ulizinduliwa mradi mkubwa wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia kwa barabara, reli na bomba la mafuta, na mahali zinapokutana njia hizo ni Isiolo, jirani yetu wa Ruiri. Gati la kwanza la bandari mpya katika ghuba ya Manda lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Wavuvi waliopoteza maeneo yao ya kuvulia walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata baraza la mazingira lilifuta kibali cha kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa karibu na hapo. Sina ujuzi wa uchumi wa bandari, na sitajifanya ninao. Ninachojua ni kwamba bandari huleta watu, na watu wakija kwa maelfu lugha ya mji hubadilika kwanza sokoni, kisha shuleni, kisha nyumbani. Msamiati wa mvuvi, yaani majina ya pepo, ya samaki, ya nyavu, ya viwango vya maji, hukaa pamoja na mvuvi. Akiondoka baharini, huondoka naye. Sisi tunaoandika tasnifu kuhusu lugha ya matatu tungeweza kutenga walau tasnifu chache kwa ajili ya msamiati huo, wakati wenyewe bado wapo wa kuulizwa.

Napendekeza kwa hiyo kwamba safari ya chama ya mwaka ujao iwe ya visiwani, na iwe ya siku saba badala ya tatu. Mbili Amu, moja Manda, zilizobaki Pate, kwa maana ya Siyu na Faza, mahali ambapo watalii ni wachache na watu wana wasaa wa kuzungumza. Kila mwanafunzi aandamane na daftari na swali moja alilolitayarisha na mhadhiri wake kabla ya kuondoka. Aandike maneno hamsini ambayo hakuyajua. Na ajitayarishe kuulizwa naye, kwa kuwa watu wa huko watataka kujua Meru ni wapi na watu wake husema nini. Mimi nimekwisha kujitolea kuwasimulia habari za Nguo Ntune, na nitataka kusikia watasema nini. Atakayekuwa na utendi wa kughani, iwe wa Kimeru au wa Kiswahili, autie mkobani. Kuogelea kutakuwapo, maji hayakimbii, ila iwe baada ya alasiri.

Wanaotaka kujiandikisha wamwone katibu mapema. Ratiba ya kwenda Pate haiwezi kupangwa Nairobi, kwa sababu mashua huondoka Amu maji ya Mkanda yanapojaa, na saa hiyo hubadilika kila siku.